Mwanzi wa Mtani Wangu

Nianze na ukweli, nisije nikajipendelea: nilikuwa na wivu. Si wivu wa kutaniana, wa mtu kusema "nakuonea wivu" huku anacheka. Wangu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, kila nikimeza mate unauma. Na niliyemwonea hakuwa tajiri wala hakuwa na nyumba. Alikuwa hamali wa soko la Kariakoo, Mnyamwezi, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa mtani wangu.

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tu watani tangu zama za misafara, wazee wao walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Yeye akiniona asubuhi huniita mtumwa wake. Mimi humjibu kwamba mtumwa ni yeye, babu yangu alimnunua babu yake kwa kikombe cha chumvi na bado akaona amepunjwa. Akiingia kwetu akikuta chungu jikoni, anafunua, anakula, anakwenda zake, na mwenye chungu hana ruhusa ya kununa. Nami nikiikuta kofia yake imeanikwa naivaa wiki nzima. Sharti la utani ni moja tu: usichukue kwa kinyongo. Ukichukua kwa kinyongo, huo si utani tena, ni wizi, na nilifundishwa hivyo tangu sijaota ndevu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alikwisha kufa siku nyingi. Mama alikuwa akipika vitumbua barazani, na yule Mnyamwezi alikuwa hapiti bila kuchukua kimoja cha moto na kumwita "mke wangu." Mama alikuwa akimfukuza na mwiko hadi njiani, anacheka hadi kanga inamdondoka. Mimi, mwanawe wa pekee, sikumbuki kumchekesha hivyo hata mara moja.

Wakati huo nilikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja kule Uzunguni, na bwana yule alikuwa mgonjwa wa kuvua. Alipokuwa anarudi kwao aliniachia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na samaki wanne wa mti, kila mmoja mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni, wamepakwa rangi, macho ya kioo, na chini ya tumbo wananing'inia ndoana za vichwa vitatu vitatu. Alinieleza kwamba kwao alikokulia kuna maziwa ya maji baridi, na humo mna samaki mrefu kama mguu wa mtu, mdomo kama wa mtoto wa mamba, anayemeza hata bata. Ndiye aliyetengenezewa vyambo vile. Fimbo yake ya kuvulia alikwenda nayo, akisema hata hivyo isingenifaa, vyambo vile viliishinda kwa uzito.

Mimi nilimjua samaki wa kuvitia mdomoni. Pale mto Msimbazi unapomwaga maji baharini, siku za bamvua maji yakijaa sana, kolekole wakubwa huingia kuwinda mkizi. Mtu akipata kolekole mmoja anayezidi uzito wa mtoto wa miaka mitatu, mtaa mzima unajua, na mamaye anatembea shingo juu. Nilitaka mama atembee shingo juu kwa ajili yangu. Basi, ndilo nililolitaka, sina la kuficha.

Nikampa mtani wangu samaki mmoja wa mti katika wale wanne. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka mtu wa kumshinda. Uvuvi wa peke yako hauna mshindi.

Sasa ikabaki fimbo. Jumamosi moja baada ya adhuhuri tukaenda kwa muuza miti, karibu na soko, aliyekuwa akiuza boriti, fito na mianzi iliyoshushwa kutoka milima ya Morogoro. Mianzi ilikuwa imeegemezwa ukutani, zaidi ya mia. Nikamwambia mtani wangu, "Kaa kando uone, mtumwa. Mtu wa bara akachague jembe. Mambo ya bahari tuachie wenyewe."

"Haya, bwana wangu," akasema, akakaa juu ya gogo, akatoa muhogo wa kuchoma mfukoni na kuanza kula.

Nilichagua kwa fahari. Nilichukua mwanzi mrefu kuliko yote, wa manjano, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta ya nazi, fundo zake zimeachana mbalimbali, ncha yake nyembamba inacheza hewani. Nikautikisa, ukalia fyuu! Muuza miti akanisifu, naye angesifu hata ufagio. Kila aliyepita aliugeukia.

Mtani wangu alimaliza muhogo wake kwanza, akajifuta mikono kwenye shuka. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa. Hakutazama urefu wala rangi. Alimfunga yule samaki wa mti kwa kamba kwenye ncha ya mwanzi mmoja baada ya mwingine, akauweka mwanzi begani, akatembea. Hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Kumbe ujanani kabla hajaja mjini alikuwa mbeba mzega, ule mti wa begani wenye mzigo kila upande, na alikuwa akiusikiliza mwanzi kwa bega. Ukicheza sana anauweka. Usipocheza kabisa anauweka. Alirudia hivi kwa mianzi ishirini na zaidi, muuza miti akaanza kusonya.

"Unaoa au unanunua mwanzi?" nikamwuliza.

"Mke unamwona mara moja unampenda. Huu utanibebea mzigo."

Mwisho akachukua mmoja mfupi, mnene shinani, fundo zimekaribiana kama za muwa wa shamba kavu, una kovu jeusi la moshi ubavuni na umepinda kidogo. Akaugonga kwa ukucha toka chini hadi juu, akaweka sikio asikie kama kuna dumuzi anayeutafuna ndani. Akatabasamu. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimwambia huo si mwanzi wa kuvulia, ni wa kumfukuzia mbuzi.

Tulipitisha wiki tukiitengeneza. Tulikunja pete za waya wa shaba, tukazifunga kwenye mianzi kwa uzi uliopakwa nta, ili mshipi upite humo. Gurudumu la kuviringishia mshipi, kama alilokuwa nalo bwana, hatukuwa nalo. Mshipi tuliukunja ndani ya kapu miguuni. Ukirusha, unatoka wenyewe, kisha unauvuta kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Jumapili tukaenda Mnazi Mmoja kujaribu, kwa kuwa pale ni peupe. Tulizing'oa ndoana tusije tukamvua mpita njia. Ukitaka Waswahili wakusanyike, fanya jambo la ajabu peupe: dakika chache tulikuwa tumezungukwa na watu kama ngoma. Na mama, masikini, alikuwa akipita na kapu lake kutoka kwa dada yake. Akasimama mbele kabisa.

Nikaanza mimi. Nilivuta nyuma, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Ule mwanzi wangu mzuri ukapinda kama mkia wa paka, ukachelewa kurudi, na yule samaki wa mti, badala ya kwenda mbele, akanipiga kisogoni. Pu! Kofia ikaruka. Nikarusha tena, akaanguka miguuni mwangu kama embe bivu. Mara ya tatu sitaisimulia.

Akaja mtani wangu. Hakurusha kwa nguvu hata kidogo. Aliuegemeza mwanzi nyuma polepole, akaungoja mzigo utulie, kisha akausukuma mbele kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha gunia toka bega hili kwenda lile. Yule samaki alipaa. Alipita juu ya vichwa vya watu, akavuka njia ya miguu, akaenda kuanguka mbali, watu wakapiga kelele kama mwezi umeandama.

Mama alipiga kigelegele. Kigelegele! Kisha akanigeukia, akasema mbele ya watu wote, "Loo, mwanangu, afadhali mtumwa wako anajua kuchagua."

Alikuwa anatania tu. Leo nalijua hilo. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Mtu wa bara, mla viazi, aliyeiona bahari akiwa na ndevu, ananifundisha mimi uvuvi mbele ya mama yangu!

Bamvua ilipokuja tukashuka Msimbazi. Sitaki kurefusha: siku ya kwanza tu akamnasa kolekole. Ule mwanzi wa kufukuzia mbuzi ukapinda ukawa upinde kamili, lakini haukulia hata kidogo. Samaki alivuta, alivuta, mwisho akachoka yeye. Tulimbeba kwenye mti watu wawili, na mmoja wa waliobeba ni mimi. Kariakoo nzima ilitoka kutazama. Alimleta moja kwa moja kwa mama. "Mke wangu, pika."

Mama alimpika kwa nazi. Alipopakua, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu baba afe. Kichwa cha samaki nyumbani kwetu kilikuwa changu. Siku ile akakiweka mbele ya Mnyamwezi.

Nilikula wali mtupu. Mama akaniuliza kama naumwa, nikamwambia jino.

Jumatatu nilipotoka kazini kwa bwana wangu mpya, nikapitia kwake. Wapangaji wenzake walikuwa uani wanachambua mchele. Nikaingia chumbani mwake, nikautoa mwanzi nje, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Mtumwa hana mali! Mwanzi huu ni wangu tangu leo."

Mwenyewe alikuwa anatoka kuoga, ndoo mkononi. Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Chukua, mtumwa wangu, chukua! Labda utakufundisha kurusha!" Wapangaji wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sikuwa natania. Nilikuwa naiba mchana kweupe, na utani ndio ulionifungulia mlango.

Nikavua nao. Na kusema haki, ulikuwa mwanzi kweli. Ukirusha, chambo kinakwenda unakotaka. Jumapili ya pili nikapata kolekole wangu, mkubwa kuliko wake, wallahi, nilimpima kwa mkono. Nikambeba begani peke yangu ingawa mgongo ulikuwa unavunjika. Njia nzima watu walikuwa wakisema nini? "Ah, amevuliwa kwa ule mwanzi wa Mnyamwezi." Nikifika mbele, tena "ule mwanzi wa Mnyamwezi." Nikajiambia mama ataona.

Mama aliona. Alifurahi, alinishika mashavu, akaniombea dua. Mimi moyo ukaanza kutulia. Kisha alipopakua akakata kichwa, akakifunika kwa sahani, akaniambia, "Mpelekee mwenzio. Mwanzi ni wake."

Nilikipeleka. Nilitembea nyumba tatu na kichwa cha samaki wangu mwenyewe mkononi, nikampa, akanishukuru kwa matusi ya kutosha. Nikarudi nikalala bila kula.

Kesho yake, kazini, nilichukua msumeno wa kukatia mifupa jikoni kwa bwana mpya. Nikaja nao nyumbani umefungwa gazeti. Jioni ile, mama akiwa kwa dada yake, nikaulaza ule mwanzi gotini, nikaukata karibu na fundo, kiasi cha nusu. Msumeno uliingia bila kelele. Nusu iliyobaki nikaivunja kwa mkono ili ionekane imevunjwa na samaki. Hasidi hana sababu, husema watu, lakini mimi niliiona sababu wazi wazi: kichwa cha samaki kwenye sahani.

Nikamwambia mtani wangu kwamba kolekole ameuvunja. Unajua alisema nini? Hakuuliza habari ya mwanzi. Aliushika mkono wangu wa kulia akaugeuza. "Pole. Hukuumia?"

Kipande cha shina kilikuwa kirefu bado na kigumu, mama akaona kitafaa. Akakisimamisha uani kutegemeza kamba ya nguo. Kilikaa pale, kimepinda kidogo, kina kovu lake jeusi, upande uliokatwa umefukiwa ardhini, na kila asubuhi nikienda kunawa nilikipita bila kukitazama. Mtani wangu aliendelea kuja. Aliendelea kuiba vitumbua. Mimi nilimtukana kama kawaida, na yeye hakugundua kwamba matusi yangu yalikuwa yamebadilika ladha.

Mwaka haukuisha, mama akashikwa na homa. Siku tano. Mtani wangu alikuwa akiacha mizigo sokoni anakuja kumwambia, "Mke wangu, ukifa nitaoa Mmakonde," na mama, hali ile, alikuwa akitabasamu. Alfajiri ya siku ya sita akafariki mikononi mwangu.

Mtu wa kwetu anajua kwamba maziko bila mtani si maziko. Yeye ndiye anayeruhusiwa kucheka watu wanapolia, na ndiye anayeruhusiwa kuzuia maiti mpaka alipwe anachotaka. Wengine hudai shilingi, wengine kuku. Ni mchezo, lakini unafanywa, na unatufaa, maana mtu aliyelia tangu alfajiri anahitaji kucheka hata kidogo kabla hajakwenda makaburini.

Mama alikwisha koshwa na kuvikwa sanda. Jeneza likainuliwa. Mara yule Mnyamwezi akajitupa chini kizingitini, akalala chali, miguu nje kichwa ndani. "Haendi mtu! Huyu ni mke wangu, hatoki bila mahari yangu kurudi!"

Watu walianza kucheka huku wanafuta machozi. Mjomba akasema, "Sema unataka nini, mtumwa, jua linakuchwa." Halikuwa linakuchwa, ilikuwa saa tano.

"Nataka mwanzi wangu," akasema. "Huyu mtumwa alinichukulia mwanzi wangu wa kuvulia. Naudai leo."

Kila mtu alinitazama, wanacheka. Nami nikiwa nimeshika mti wa jeneza nikasema, "Unajua ulivunjika. Samaki aliuvunja."

"Basi leteni vipande. Nitavichukua hivyo hivyo, nikamkumbuke mke wangu."

Alikuwa anaomba kitu chepesi kabisa, makusudi, ili asinipe taabu siku ya msiba wangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kabla sijafungua kinywa, shangazi akadakia, "Si ule pale uani unaotegemeza kamba?" Akaenda mwenyewe, akaung'oa, nguo zikaanguka, akamletea.

Aliupokea akiwa bado amelala chali, bado anacheka. Akaufuta udongo kwa kiganja. Akaugeuza. Mwanzi ukivunjwa na mzigo hupasuka nyuzi nyuzi kama kuni mbichi, na mtu aliyebeba mizega ujana wake wote hahitaji kuambiwa. Ule ulikuwa na nyuzi upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umenyooka, laini, kama umekatwa na seremala. Akapitisha kidole gumba pale, polepole, mara mbili.

Kisha akanitazama. Niliangalia chini, na hilo likawa jibu.

Kicheko kilikatika. Mjomba akauliza, "Vipi, umelipwa?" Mtani wangu akainuka, akajikung'uta vumbi, akauegemeza mwanzi ukutani taratibu.

"Nimelipwa," akasema. "Pitisheni."

Akaja akashika mti wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, akambeba mama hadi makaburini bila kubadilishana na mtu. Aliingia kaburini akampokea. Alitupa udongo. Hakufanya mzaha hata mmoja, na watu wakaulizana, mtani gani huyu? Mama yangu alizikwa kimya kama mtu asiye na watani.

Hakunisema kwa mtu. Ningesikia, Kariakoo haina siri. Lakini hakuingia kwetu tena kufunua chungu. Kofia yake niliikuta imeanikwa, nikaivaa makusudi, nikampitia nayo pale anaposhusha magunia. Aliniona. Aliipa mgongo. Jioni nikairudisha mwenyewe kwenye kamba.

Arobaini ya mama ilipokwisha nilishindwa. Nikamngoja barabara ya Msimbazi asubuhi, naye akaja na gunia la mchele mgongoni, jasho linamtiririka. Nikasimama katikati ya njia, nikapaza sauti mpaka wachuuzi wakageuka. "We mtumwa! Unakwenda wapi na mali ya bwana wako? Njoo hapa nikuuze!"

Nilikuwa naomba. Yeyote mwenye mtani angejua kwamba nilikuwa naomba. Neno moja tu lingetosha, mla papa, mtumwa wa chumvi, lolote.

Akasimama. Akalitua gunia chini, akajifuta uso, akanipa mkono wa kulia kwa adabu zote, kama mtu anayemwamkia karani wa serikali.

"Habari za asubuhi, bwana," akasema. "Nyumbani hawajambo?"